UZI: Wiki moja ya Oktoba 2012, kiinua mgongo cha wabunge na sheria ya ugaidi

#1 Mahamri_na_Mbaazi

Wadau, salaam aleikum na hamjambo.

Mimi nauza mahamri asubuhi na viazi karai jioni, huku Pwani ya Kenya. Magazeti ya kufungia nanunua kwa kilo. Mwezi uliopita alifariki mzee mmoja hapa mtaani, Mungu amrehemu, na watoto wake wakatoa marobota ya magazeti stoo wakaniuzia yote. Yule mzee alikuwa hatupi kitu. Ndiyo maana wateja wangu wiki hizi wanakula viazi huku wanasoma habari za Kibaki.

Katika robota la Oktoba 2012 kuna karatasi mbili nimezitoa, sikuzifungia. Ya kwanza inasema Jumanne tarehe 9, Rais Kibaki alikataa kuidhinisha kiinua mgongo cha wabunge. Walikuwa wamejipitishia wenyewe wiki iliyotangulia, wakakichomeka ndani ya mswada wa fedha. Shilingi milioni 9.3 kila mmoja. Na mwezi uliokuwa umepita walimu na madaktari walikuwa kwenye mgomo wakiambiwa hazina haina kitu.

Ya pili ni Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, tarehe 12. Kibaki katia sahihi Sheria ya Kuzuia Ugaidi.

Bunge lile lile, wiki ile ile. Hela walinyimwa, sheria wakapewa. Miezi mitatu baadaye, Januari 2013, siku zao za mwisho bungeni, wakarudi tena na madai yale yale ya kiinua mgongo, safari hii wakaongeza mlinzi mwenye bunduki, pasipoti ya kidiplomasia na mazishi ya kitaifa. Kibaki akakataa tena.

Sasa swali langu. Hawa watu kwenye mshahara hawapitwi na nukta. Je, ile sheria ya ugaidi waliisoma? Sababu ya kuuliza ninayo, nitaisema mbele. Kwanza nataka kuwasikia.

#2 Kiroboto

Mheshimiwa asome? Anasoma salio la benki.

#3 Karani_Mstaafu

Mleta uzi umenigusa, kwa sababu maisha yangu yote ya kazi niliyapitisha kwenye makaratasi ya serikali, na karatasi ina tabia ya kumbukumbu kuliko watu.

Nikuongezee. Uchaguzi wa Machi 2013 ukaja, Bunge jipya likaingia. Tume ya Mishahara na Marupurupu, mwenyekiti akiwa Sarah Serem, ilikuwa imekwisha kuchapisha kwenye Gazeti Rasmi kwamba mbunge atalipwa 532,500 kwa mwezi, kutoka 851,000 ya Bunge lililotangulia. Mlikuwa wapi wakati ule? Wabunge wapya, hata viti havijapata joto, tarehe 28 Mei wakapiga kura kulifuta tangazo la Gazeti. Yaani jambo lao la kwanza zito kama Bunge la 11 ndilo hilo. Mwishowe wakapatana: mshahara ubaki 532,500 lakini kila mmoja apate ruzuku ya gari ya milioni 5.

Mnaona walivyojua vifungu? Walijua Tume ina mamlaka gani chini ya Katiba, tangazo la Gazeti lina nguvu gani, nani alipaswa kushauriwa na hakushauriwa. Hoja zao zilikuwa za mawakili waliobobea.

Haya. Ruka hadi tarehe 18 Desemba 2014. Mswada wa kurekebisha sheria za usalama. Kurasa nyingi, unagusa sheria zaidi ya ishirini kwa mpigo mmoja: ugaidi, wakimbizi, ushahidi, mwenendo wa kesi, pasipoti, polisi. Ulipitishwa vipi? Karatasi zinachanwa, naibu spika anamwagiwa maji, watu wazima wanashikana mashati. Aliyekuwa nyumbani aliona kwenye runinga. Kesho yake, tarehe 19, Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi. Usiku mmoja tu katikati.

Nimekaa na miswada miaka mingi. Mswada kama ule huwezi kuusoma ukauelewa kwa siku chache, sembuse kuujadili huku umekabwa koo.

#4 Mwana_wa_Tana

Karani, shikamoo. Lakini mnasema kama vile ule mswada ulitoka hewani. Mimi nyumbani ni Kaskazini Mashariki. Tarehe 22 Novemba 2014 basi la Mandera lilisimamishwa, abiria 28 wakatolewa wakauawa. Tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36, Mandera hiyo hiyo. Nyinyi mnakumbuka maji ya naibu spika, sisi tunakumbuka turubai la machimboni.

Na kabla ya 2012 hakukuwa na sheria ya maana. Kikambala 2002 hoteli ililipuliwa, washtakiwa wakaachiliwa 2005. Mswada wa 2003 ulipingwa ukafa, ukaja mwingine 2006 nao ukafa. Miaka kumi nchi inalipuliwa na haina sheria ya kumshtaki mtu kwa ugaidi kama ugaidi. Ile sheria ya 2012 ndiyo iliyowezesha watu wawili kufungwa mwaka 2020 kwa shambulio la jumba la maduka la Westgate, mmoja miaka 33, mwingine 18. Kwa hiyo tuongee kwa kipimo. Sheria ilihitajika.

#5 Mahamri_na_Mbaazi

Mwana wa Tana, pole, na sikupingi hapo. Sikusema isiwepo. Nimeuliza kama waliisoma.

#6 Kiroboto

@Mwana_wa_Tana na yule wa tatu wa Westgate je? Mahakama ilimwachilia, akatoka, kesho yake akavamiwa njiani na watu wenye silaha mchana kweupe Nairobi. Hiyo ni kifungu gani cha sheria?

#7 Mwana_wa_Tana

Hicho hakimo kwenye sheria yoyote na ndiyo shida yangu na nyinyi wa Nairobi. Mnadhani tunaotaka sheria tunataka na hayo. Sisi ndio tunaochukuliwa! Aprili 2014, ile operesheni ya polisi ya Usalama Watch, watu wetu walisombwa Eastleigh kwa maelfu, wakajazwa uwanja wa Kasarani, wenye vitambulisho na wasio navyo. Binamu yangu ana kitambulisho tangu 1998. Alikaa siku nne akiambiwa ni cha bandia.

Nataka sheria iliyoandikwa vizuri kwa sababu ninajua isiyoandikwa inafananaje.

#8 Wakili_Mtoro

Hapo #7 umesema neno. Niingie kidogo, na nitajitahidi nisiwachoshe kwa vifungu.

Katiba, ibara ya 49: ukikamatwa, ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Sheria ya ugaidi, kifungu cha 33: ukishafikishwa, polisi wanaweza kuomba uendelee kuwekwa ndani huku wakichunguza, na hakimu akikubali jumla inaweza kufika siku 90. Siku 90 bila mashtaka. Ukiwa bodaboda, siku 90 ni pikipiki imeshachukuliwa na mwenye mkopo, nyumba imefungwa na mwenye nyumba, na mke karudi kwao. Ukitoka huru, huru ya nini?

Ya Desemba 2014 ilikwenda mbali zaidi. Kulikuwa na kifungu cha kuchapisha picha au habari inayoweza kutia watu hofu: faini hadi milioni 5 au jela hadi miaka mitatu, au vyote. Kingine kiliweka kikomo cha wakimbizi nchini wasizidi 150,000, wakati kambi ya Dadaab peke yake ilikuwa na zaidi ya hao. Kuna vilivyogusa haki ya mshtakiwa kunyamaza na kuonyeshwa ushahidi mapema.

Muungano wa upinzani wa CORD na wengine wakaenda mahakamani. Tarehe 2 Januari 2015 Jaji Odunga akasimamisha baadhi ya vifungu. Tarehe 23 Februari majaji watano wakavifuta vifungu vinane. Vinane! Kama mwanafunzi wangu angeniletea kazi yenye makosa manane ya Katiba ningemrudisha kidato cha kwanza.

Ila msishangilie sana. Kile cha vyombo vya usalama kunasa mawasiliano katika kuzuia ugaidi kilipona. Majaji walikiacha. Kipo hadi leo.

Sasa oneni ulinganifu ambao mleta uzi hakuutaja. 2019 wabunge wakajipa marupurupu ya nyumba, 250,000 kwa mwezi kila mmoja, juu ya mshahara, kupitia tume yao wenyewe ya Bunge. Kesi ikaenda wapi? Mahakama Kuu. Desemba 2020 ikaamua ni kinyume cha Katiba na fedha zirudishwe, zikatwe ndani ya miezi 12. Kwa hiyo mlango mmoja ndio uliozuia mikono yote miwili: ule wa kuchota hazina na ule wa kushika raia shingo.

#9 Ndugu_wa_Dodoma

Majirani, habari za huko. Nafuatilia nikiwa Tanzania, natamani niwaonee wivu kwa hicho kitu mnachokiita "tukaenda mahakamani ikafuta".

Kwetu sheria ya ugaidi ni ya 2002. Na ugaidi hauna dhamana. Haina mjadala wa kiasi gani, haipo. Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walikaa mahabusu bara miaka na miaka, kesi inatajwa inaahirishwa, upelelezi haujakamilika, mpaka Juni 2021 DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, akafuta mashtaka wakaenda nyumbani. Mwezi uliofuata tu, Julai 2021, Mwenyekiti wa Chadema wakati ule, Freeman Mbowe, akakamatwa Mwanza alikokwenda kwa kongamano la Katiba mpya. Mashtaka: ugaidi. Karibu miezi minane ndani, kisha Machi 2022 DPP akasema hana nia ya kuendelea. Asante, kwaheri.

Kuhusu posho, sisi tuna historia yetu. 2011 Zitto Kabwe aliandika kukataa posho ya kikao, akisema kukaa kikao ndiyo kazi yenyewe anayolipwa mshahara. Wenzake walimnunia kweli kweli. Mwaka huo huo haukuisha posho ikapanda kutoka 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na Spika Makinda akatetea kwamba maisha Dodoma ni ghali. Mimi naishi Dodoma. Nilicheka peke yangu barabarani kama kichaa.

#10 Kiroboto

Dodoma ghali 😂😂 zabibu zimepanda

#11 Msaidizi_wa_Zamani

Mtanipiga mawe lakini acha niseme. Nimewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya mbunge. Sitamtaja wala sitataja wapi. Mnaongea mshahara kama vile unaingia mfukoni unakaa.

Siku ya Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, getini kuna watu arobaini. Mwenye maiti imezuiliwa mochari. Mwenye mtoto kafukuzwa shule kwa karo. Kikundi cha kina mama cha viti na mahema. Timu ya mpira, jezi. Shehe na padri, wote wana paa linavuja. Harambee mbili kabla ya saa sita. Kazi yangu ilikuwa kushika bahasha. Bahasha ya elfu mbili, ya elfu tano, ya elfu kumi, na moja nene ya mwenye mdomo, yule anayeweza kwenda kukusema redioni. Nikikosea bahasha, tumeharibikiwa.

Tarehe 20 ya mwezi mheshimiwa yuko kwenye mkopo. Nimeona kwa macho. Kuna mwezi hati ya malipo ilionyesha baada ya makato anabaki na hela ya mwalimu mkuu. Kwa hiyo wanaposema waongezwe, kuna kiasi cha ukweli ndani yake. Na kuna hoja ya pili: mbunge mwenye njaa ananunulika. Mkimlipa kidogo atalipwa na mwingine.

Na kuhusu kusoma miswada, niwe mkweli. Hapana. Mswada unafika, unawekwa kwenye buti ya gari. Siku ya kura kiranja wa chama anatuma ujumbe: sote ndani, tunapiga ndiyo. Ama hapana. Basi. Ule wa mishahara hauhitaji ujumbe wa kiranja.

#12 Karani_Mstaafu

Msaidizi, nashukuru kwa ukweli, hasa hapo pa buti ya gari. Ila hoja yako ya njaa inajikanyaga. Umesema tukimlipa vizuri hanunuliki. Desemba 2014 alikuwa analipwa vizuri, na gari la milioni 5 analo. Ujumbe wa kiranja ulimtosha. Hakununuliwa hata kwa senti.

#13 Msaidizi_wa_Zamani

Mzee, kuna kitu kinaitwa tiketi ya chama. Ukipiga kura kinyume, uchaguzi ujao utapewa nani? Hiyo ndiyo bei. Bila tiketi hakuna mshahara, bila mshahara zile bahasha zinaisha, na wewe unaisha.

#14 Karani_Mstaafu

Kwa hiyo mshahara ukiwa mnono zaidi, ndivyo anavyoogopa zaidi kuupoteza. Unanisaidia hoja yangu.

#15 Msaidizi_wa_Zamani

Hapo umenishika. Sina jibu.

#16 Nundu

Hakuna aliyetaja nguruwe?

Tarehe 14 Mei 2013, wanaharakati walimwaga damu na nguruwe mbele ya lango la Bunge kwa sababu ya haya haya ya mishahara. Nguruwe walikuwa wanailamba ile damu kwenye lami, polisi wanakimbiza nguruwe, nguruwe wanakimbia, mabomu ya machozi juu. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Boniface Mwangi. Walikamatwa, wakashtakiwa. Mashtaka ya kawaida ya fujo na mkusanyiko, na hata ukatili kwa wanyama ulitajwa. Mimi nilisema wakati ule, nguruwe wamekosa nini.

Sasa ruka miaka kumi na miwili. Julai 2025, baada ya maandamano ya Juni 25 na Saba Saba, mtu yule yule, Boniface Mwangi, anakamatwa nyumbani kwake siku ya Jumamosi. Polisi wanatangaza ni mshukiwa wa kusaidia vitendo vya kigaidi. Jumatatu anafikishwa korti ya Kahawa, ile ya kesi za ugaidi pale karibu na Kamiti. Akasomewa nini? Kumiliki risasi kinyume cha sheria. Neno ugaidi lilikuwa limeyeyuka njiani. Alikana, akatoka kwa bondi yake mwenyewe ya milioni moja.

Mpigieni hesabu. 2013 kelele za mshahara zilikuwa fujo. 2025 kelele za serikali ni ugaidi. Yeye hakubadilika. Kilichobadilika ni kabati la mashtaka, limejazwa.

#17 Wakili_Mtoro

Nundu, na si yeye peke yake. Baada ya Juni 25 vijana wengi wa kawaida, wasiojulikana na mtu, walipelekwa pale Kahawa na mashtaka ya ugaidi kwa madai ya kuchoma vituo na ofisi za serikali. Yeye ana jina, mawakili walijaa hadi nje. Wao hawana.

Na kinachouma, hiyo sheria ya 2012 ilifikiria jambo hili. Kwenye tafsiri ya "kitendo cha kigaidi" kuna sharti limeandikwa: kitendo kinachovuruga huduma, kikifanywa katika maandamano au mgomo, hakihesabiwi kuwa ugaidi, ilimradi hakikukusudiwa kuleta yale madhara makubwa yaliyotajwa. Kuna mtu, bungeni au kwa watunga miswada, alikaa akakiweka hicho kifungu kwa makusudi. Kwa hiyo mleta uzi, jibu la swali lako ni kwamba angalau mtu mmoja aliisoma. Mwendesha mashtaka ndiye sijui kama alifika ukurasa ule.

Kuchoma kituo cha polisi ni kosa, lina kifungu chake katika Kanuni ya Adhabu, tena adhabu yake kali. Tofauti ya kuita ugaidi haiko kwenye hukumu ya mwisho. Iko mwanzoni: siku za kuzuiliwa, ukali wa dhamana, na korti iliyo mbali na kwenu.

#18 Mwana_wa_Tana

Niongeze la Garissa kisha nilale. Tarehe 2 Aprili 2015, chuo kikuu, watu 148 waliuawa. Sheria mpya ilikuwa na miezi mitatu na nusu tangu kutiwa sahihi. Kilichokosekana asubuhi ile ni askari kufika mapema. Kikosi maalum cha polisi cha Recce kilifika saa nyingi baadaye. Hakuna kifungu kinachorusha ndege kwa wakati.

Kilichofuata wiki ile? Orodha ya washukiwa wa ugaidi kwenye Gazeti Rasmi, akaunti za benki zikafungwa, na ndani yake yamo mashirika ya haki ya Mombasa, Muhuri na Haki Africa. Wale waliokuwa wakiandika majina ya vijana waliopotea. Novemba mahakama ya Mombasa ikaamuru akaunti zifunguliwe. Miezi saba, wafanyakazi bila mishahara.

Mnaona? Wao mishahara iliwezekana kuzuiwa kwa sahihi moja.

#19 Kiroboto

Hiyo #18 imeninyamazisha na si kawaida yangu.

#20 Dada_wa_Umoja

Nilikuwepo Juni 25, 2024, ile ya kwanza, watu walipoingia Bungeni. Sitaeleza nilisimama wapi. Kitu kimoja tu: wengi wanakumbuka mkate na mafuta ya kupikia kwenye Mswada wa Fedha. Lakini kwenye simu zetu siku zile kulikuwa na picha nyingine inazunguka, ya nyongeza ya mishahara ya wabunge iliyokuwa ianze Julai mosi, kutoka 725,502 hadi 739,600. Ni elfu kumi na nne na kitu. Kwao si kitu. Lakini wewe unapandishiwa kodi na mwenzako anaongezwa mwezi huo huo! Tuliwaona kama wamekalia vichwa vyetu wanakula ndizi.

Mswada ukaondolewa tarehe 26. Wiki iliyofuata na nyongeza ikasimamishwa. Haikuhitaji korti wala kiranja.

Wakili anasema mlango mmoja wa mahakama. Mimi naona kuna mlango wa pili, ndio maana sasa wanauandikia neno ugaidi juu yake.

#21 Wakili_Mtoro

Dada, nimekubali. Nimesahihishwa.

#22 Msaidizi_wa_Zamani

Ila huo mlango wa pili ulikuwa na maiti kizingitini. Tusiusifu haraka.

#23 Dada_wa_Umoja

Siusifu. Nilimjua mmoja.

#24 MSIMAMIZI WA JUKWAA

Uzi mzuri, endeleeni kwa staha. Ukumbusho: hakuna kutaja majina ya vijana wenye kesi zinazoendelea, namba za simu wala makazi. Machapisho mawili yameondolewa kwa sababu hiyo, na moja kwa matusi ya kabila.

#25 Ndugu_wa_Dodoma

Mleta uzi, ulituahidi sababu ya kuuliza. Tumefika ukurasa wa pili.

#26 Mahamri_na_Mbaazi

Nimewasoma wote, nilikuwa kwenye karai.

Sababu ni hii. Jirani yangu ana kijana, ana miaka ishirini na mmoja, ananisaidia kukanda unga alfajiri kabla hajaenda kwenye vibarua vyake. Alikwenda Nairobi kutafuta kazi, akakaa kwa mjomba. Siku moja ya maandamano akachukuliwa kituo cha matatu. Kituo cha kwanza cha polisi walisema hayupo. Cha pili hayupo. Siku ya tatu mjomba akampata, na kwenye karatasi pameandikwa lile neno. Mtoto aliyekuwa akiogopa hata mafuta ya karai yakimrukia.

Mamake anafua nguo za watu. Hajawahi kupita Mtito Andei. Nikamwambia twende kwa mheshimiwa, si ndiye anayetuwakilisha huko. Tukafika alfajiri, kama alivyoeleza Msaidizi hapo juu, watu wamejaa getini. Msaidizi, sikujui, lakini ulipoandika ile habari ya bahasha nililazimika kuweka simu chini.

Saa tatu tukaingia. Mama akajieleza, akatoa ile karatasi. Mheshimiwa akaisoma, na niseme haki, aliisoma mpaka mwisho. Akauliza, "Hii sheria inasema hivi?" Nikamwambia ndiyo, na ninyi ndio mlioipitisha. Akanitazama. Akasema sheria ifuate mkondo wake, yeye hawezi kuingilia mahakama. Kijana wa ofisi yake akamfuata mama mlangoni na bahasha.

Elfu mbili. Nauli ya kwenda, na chai. Ya kurudi haimo.

Mama aliipokea kwa mikono miwili akashukuru. Njiani hakusema kitu mpaka tulipofika kwangu, akauliza kama nina gazeti lolote lenye picha ya hiyo korti ya Kahawa, ajue inafanana vipi kabla hajafika. Ndipo nikaanza kufungua yale marobota.

#27 Karani_Mstaafu

Mwanangu, pole. Mpe mama pole zangu.

#28 Msaidizi_wa_Zamani

Elfu mbili ndiyo ya chini kabisa. Nisamehe.

#29 Wakili_Mtoro

Kesi inatajwa lini? Ana wakili?

#30 Mahamri_na_Mbaazi

Jumatano ijayo. Wakili hana. Mjomba ameambiwa aje na mdhamini mwenye hati ya shamba, na sisi shamba hatuna, tunakaa kwa kodi.

#31 Wakili_Mtoro

Ukija na kitambulisho cha mama na ile karatasi ya mashtaka, tutaomba badala ya hati iwe dhamana ndogo ya pesa taslimu. Nitakuwepo. Sidai kitu.

#32 Dada_wa_Umoja

Mimi naweza kumpokea mama akishuka basi na kumfikisha Kahawa West, ni gari mbili tu kutoka mjini. Atalala kwangu. Nauli ya kurudi isikutie wasiwasi.

#33 Mwana_wa_Tana

Mwambieni abebe leso nzito, pale asubuhi kuna baridi na watu hungoja nje.

#34 Mahamri_na_Mbaazi

Dada, nakutumia namba yake inboksi. Si hapa.